Gari Limtoshe Dereva Mfupi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya soli nene kama matofali. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mwalimu wa udereva katika shule moja ya mjini Machakos, na kwa kuwa mimi si mrefu, niliona heri niongeze kimo kidogo kabla wenye kazi hawajabadilisha mawazo. Nikafika asubuhi na kusimama wima mbele ya Mkufunzi Mkuu. Alikuwa mzee mrefu aliyeendesha malori ya saruji miaka mingi kabla ya kugeukia ualimu, na alipokutazama ilikuwa kama anakagua tairi. Alianza juu, akashuka polepole hadi miguuni, akakaa hapo.

"Jina lako?"

"Mueni, Mzee."

"Mueni, vua hivyo viatu."

Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani wowote. Nikavivua, nikabaki na soksi juu ya changarawe za uwanja huku walimu wengine wakichungulia dirishani. Mzee akaokota kiatu kimoja, akaigonga soli kwa kidole.

"Na hiki, mguu hausikii klachi inaposhika. Ni kama kusalimia mtu na glavu za kuchomea vyuma. Kesho uje na raba, soli nyembamba, kisigino chini. Leo utafanya kazi na soksi."

Kazi yenyewe ya siku hiyo ilikuwa kukaa. Alinifungulia mlango wa gari la mafunzo, akaniweka upande wa dereva, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Nilikuwa nimekuja nikitegemea kuonyesha jinsi ninavyobadilisha gia bila kuangalia chini, maana nilijifunza kwa pikapu ya kaka yangu kwenye milima ya Mua, ambako ukikosea gia unarudi ulikotoka. Mzee hakutaka kuona gia. Alitaka kuona nimekaa vipi, na kwa maoni yake nilikuwa nimekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Sogea nyuma. Nyuma kabisa, mpaka nyonga ziguse kiti. Aliyechora hili gari hakukufikiria wewe, wala mama yako. Alimfikiria mwanamume wa kimo cha katikati, wa kwao huko. Sasa wewe kazi yako ya kwanza ni kulichora upya."

Nilijifunza kwake mpangilio ambao nimeufundisha maisha yangu yote, nami nitaueleza hapa kwa sababu naona bado watu wanaukosea, hata wenye magari mapya huko Syokimau. Dereva mfupi anaanza na kimo cha kiti, si kukisogeza mbele. Kando ya viti vingi kuna leva, ukiipiga kama pampu kiti kinapanda. Kipandishe mpaka macho yapite usukani vizuri na uone barabara kupitia juu ya boneti, lakini ukiacha nafasi ya ngumi kati ya kichwa na paa. Ndipo usogeze kiti mbele, mpaka uweze kukanyaga klachi hadi chini kabisa na goti bado limekunjika kidogo. Kama goti limenyooka kama fimbo, uko mbali, na siku ya breki ya ghafla mguu utakosa nguvu. Kiti kikisimama, jitikise mbele na nyuma usikie kama kimeshika kwenye reli. Kiti kisichoshika kitakuchezea ukiwa kilimani.

Baada ya hapo ndipo unanyoosha egemeo la mgongo, maana watu wafupi wengi hujilaza nyuma kisha wakanyoosha shingo kama kobe. Mgongo ukiwa umegusa egemeo, nyoosha mkono: kifundo kikae juu ya usukani bila bega kutoka kwenye kiti. Usukani wenyewe ushushwe, kama unashuka, uelekee kifua na sio uso. Miaka ile gari letu la mafunzo halikuwa na mfuko wa hewa, ule unaofumuka kutoka katikati ya usukani gari likigonga. Magari yaliyotumika kutoka Japani, yenye mfuko huo, yalipoanza kujaa nchini, tuliongeza somo. Mfuko ule hufumuka kwa nguvu ya ajabu, na anayeukumbatia usukani ndiye anayeumizwa nao. Niliwaambia wanafunzi waweke rula ndefu ya shule kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani. Isipoingia, uko karibu mno, na dawa yake ni kurefusha pedali, sio kuomba Mungu. Mwisho kabisa ni mkanda, upite katikati ya bega na usikate shingo, kisha vioo. Ukianza na vioo utavipanga mara mbili.

Mzee alinifanya nirudie yote hayo mpaka jua likapanda. Nilipokuwa nimekaa sawasawa aliingia upande wa abiria, akanipa ufunguo.

"Unaona nini?"

"Naona barabara, Mzee."

"Na jana ulikuwa unaona nini?"

Nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Jana na siku zote kabla ya hapo, katika pikapu ya kaka yangu, nilikuwa nikiona mbingu na ncha ya miti.

Nilifundisha Machakos miaka mingi chini ya mzee huyo, na ni kipindi ninachokikumbuka kwa kicheko. Kulikuwa na shemasi wa kanisa letu aliyekuja na mto wa kochi wenye maua, akaukalia kwa fahari. Nikamwacha aende mwendo wa kobe uwanjani, nikamwambia afunge breki. Mto ukateleza naye, magoti yakapiga chini ya usukani, mkanda ukampandia tumboni. "Mwalimu," akasema akiwa amelala nusu sakafuni, "huu mto nilipewa nyumbani pamoja na baraka." Nikamweleza kwamba mto laini unabonyea, na ukibonyea mwili hupita chini ya mkanda. Kinachofaa ni povu gumu, pana kama kiti, lenye kitambaa kisichoteleza chini yake na mikanda ya kulifunga. Tena libaki chini ya makalio. Ukilipeleka mgongoni linakusukuma mbele, kifua kikaribie usukani.

Kulikuwa pia na mume na mke wanaotumia gari moja. Bwana alikuwa mrefu kama nguzo ya stima, na mama akimfika kwapani. Kila Jumapili walikuwa wakigombana mbele ya kanisa kuhusu nani ameharibu kiti cha nani. Nilimshauri yule mama apake rangi ya kucha kwenye reli ya kiti, nyekundu, pale kinapomfaa yeye. Walipokutana nami tena bwana akaniambia nimeiokoa ndoa. Sikukataa sifa hiyo.

Kisha nikahamishwa. Shule ilifungua tawi Athi River, karibu na EPZ, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, kwa ajili ya maelfu ya watu wanaofanya kazi kwenye viwanda vile. Huko mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Tawi, mtu mchangamfu, mwepesi wa kutembea na wa kuongea, aliyependa sana kuona gari linatoka na lingine linaingia. Wanafunzi walikuwa wengi, na walikuja wakati wa mapumziko au baada ya zamu. Niliposimamisha gari kumpanga mtu kwenye kiti, Meneja alitoka ofisini.

"Mueni, hawa watu wamelipia kuendesha, sio kukaa."

"Wakikaa vizuri wataendesha haraka, Bosi."

"Haya. Lakini haraka hiyo niione."

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu ya yaliyofuata.

Kasyoka alikuja siku ya kupumzika kwake. Alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo, mwanamke mzima anayeelekea umri wa makamo, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu. Mimi ni mfupi, lakini Kasyoka alinifika begani. Alinieleza shida yake kabla hajakaa.

"Mwalimu, mimi niko na shida moja tu. Miguu haifiki. Nimeenda shule ingine, nikapewa mtihani, gari ikazima kwa kilima. Nikapewa tena, ikazima tena. Yule inspekta akaniambia niende nikue kwanza."

"Na kwa nini unataka leseni?"

Hapo aliacha kucheka. Kwao ni Kivaa, upande wa Masinga. Parokia ya huko ilikuwa na zahanati na pikapu ya kubebea wagonjwa, na dereva wake alikuwa mzee anayetaka kupumzika. Padri alikuwa amesema kwamba Kasyoka akipata leseni, kazi ni yake. Mama yake mzazi alikuwa peke yake huko nyumbani, na watoto wa Kasyoka walikuwa wakilelewa naye. Alikuwa akiwaona Krismasi na Pasaka.

"Nimeshona nguo za watoto wa watu kwa miaka, Mwalimu," akasema. "Wangu hata sijui wanavaa saizi gani."

Kwa mtihani wa tatu Kasyoka alikuwa amejitayarisha. Akafungua mfuko wake, akatoa vipande vya mbao vilivyochongwa vizuri pamoja na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Shule ya kwanza ndiyo iliyomfundisha: mbao zinafungwa juu ya pedali kwa mpira, na miguu inafika. Nilikataa palepale. Meneja akasikia, akatoka.

"Tatizo nini?"

"Bosi, hizi mbao zinaweza kuchomoka."

"Zimefungwa. Angalia." Akazivuta kwa mkono, zikakaa. "Mueni, huyu mama amepoteza pesa na wakati tayari. Nitaingia naye mimi mwenyewe, wewe ukae nyuma. Raundi moja."

Basi nikakaa nyuma. Kasyoka aliliondoa gari vizuri, kwa utulivu ulionishangaza, akazunguka uwanja akitabasamu kwenye kioo. Meneja akageuka kunitazama, kana kwamba anasema, unaona? Mwisho wa uwanja palikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi. Meneja akamwambia afunge breki.

Nilisikia sauti kama kijiko kinachoanguka jikoni. Ile mbao ya breki ilikuwa imeteleza kutoka kwenye mpira, ikaanguka na kusimama chini ya pedali, na pedali haikushuka tena. Magari ya mafunzo yana pedali za pili upande wa mwalimu, lakini zimeunganishwa na za dereva kwa chuma. Ya dereva ikikwama, na ya mwalimu imekwama. Meneja alikanyaga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, bila faida yoyote.

"Hendibreki!" nikapiga kelele.

Akaivuta kwa mikono yote miwili. Gari likapiga kelele, likatelezea kando, likaingia kwenye mchanga polepole mpaka taa zikafunikwa. Hakuna aliyeumia. Injini ilizimika na tukabaki tumekaa, watu wazima watatu, mchanga ukimwagika taratibu juu ya boneti.

Kasyoka ndiye aliyezungumza kwanza. Hakulia. Aliweka mikono mapajani akasema, "Basi. Mimi sitoshi. Nitarudi kwa cherehani."

"Kasyoka," nikamwambia, "hili gari ndilo halikutoshi. Tutalitengeneza likutoshe."

Meneja alishuka, akazunguka gari, akaokota ile mbao na kuigeuza mkononi kwa muda. Kisha akaja dirishani kwangu. Alikuwa amepauka, lakini aliongea kwa sauti ya kawaida.

"Mueni, fundi mliyemtumia Machakos kutengeneza viti anaitwa nani?"

"Ndinda, Bosi."

"Mwambie aje na vyuma vyake. Gharama ni ya tawi."

Naheshimu sana mtu anayebadilisha mawazo bila kumtafutia mwenzake lawama. Kuanzia siku hiyo Meneja alibandika ukutani kwamba mtu hatembezi gari kabla hajapangwa kwenye kiti, na alikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko mimi.

Fundi Ndinda alikuwa mtengenezaji wa viti na mchomeleaji mwenye karakana ndogo nyuma ya soko la Machakos. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimkalisha Kasyoka kwenye gari, akampima kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi kisigino, kisha unyayo. Kasyoka alikuwa akijua kupimwa, maana hiyo ndiyo kazi yake.

"Fundi, unanishonea suti?" akamuuliza.

"Suti inaweza kupasuka," akajibu Ndinda. "Hii haifai kupasuka."

Alichotengeneza ni virefusho vya pedali. Ni vipande vya chuma vinavyobana pedali mbele na nyuma kwa boliti, na nati yake haifunguki kwa mtikisiko. Juu yake aliweka mpira wenye mifereji ili kiatu kisiteleze. Halafu akafanya jambo ambalo wengi hulisahau. Pedali zikisogea karibu, kisigino huanza kuning'inia hewani, na mguu unaoning'inia huchoka na kukosa pedali. Kwa hiyo alitengeneza ubao wa kuinua sakafu, akaukaza kwa boliti, kisigino cha Kasyoka kikapata pa kutulia. Kisha akaweka lile povu gumu chini ya ngozi ya kiti, siyo juu yake. Tulipomaliza, mhandisi wa ukaguzi wa magari alilitazama gari lote na kulikubali, kwa sababu kazi ya namna hii haifai kufanywa kimyakimya. Anayefuata kulikalia gari ni lazima ajue limebadilishwa.

Nilimwambia Kasyoka akanyage breki. Akakanyaga. Nikamwambia tena, kwa nguvu zote. Pedali ilishuka hadi mwisho, mgongo wake ukiwa umegusa kiti, rula ikiwa na nafasi yake kifuani. Akakaa hapo ameibana ile breki, hataki kuiachia, machozi yakimtoka huku anacheka.

"Aiya, Mwalimu! Kumbe hivi ndivyo inasikika?"

Siku ya mtihani inspekta alikuwa yuleyule aliyemwambia akue kwanza. Alikuwa afisa mpana, mwenye kofia iliyokaa kando kidogo. Aliinama akaangalia zile pedali, akauliza zimekaguliwa na nani, nikamwonyesha hati. Akataka kujua zaidi, akajaribu kuingia upande wa dereva mwenyewe. Magoti yake yalikwama kwenye dashibodi na tumbo likagusa honi. Honi ikalia uwanja mzima, watahiniwa wote wakageuka. Inspekta akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Basi sasa mimi ndiyo siwezi kuendesha," akasema. "Mama, ingia wewe."

Kwenye kilima Kasyoka alisimamisha gari, akavuta hendibreki, akainua klachi mpaka boneti ikainuka kidogo kama ng'ombe anayenusa, akaachia breki. Gari likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo. Inspekta alitia sahihi akiwa bado anatabasamu.

Padri wa kule Kivaa alitimiza ahadi yake, nami nilipewa ruhusa na Meneja kwenda na Ndinda Jumamosi moja kuipanga pikapu ya zahanati. Ilikuwa gari la zamani lenye kabini mbili, refu, gumu, kiti chake hakikuwa na leva ya kupandishia. Ndinda aliinua msingi wa kiti kwa vyuma na kuukaza upya kwenye sakafu, akaweka virefusho na ubao wa kisigino. Mkanda ulikuwa ukimkata Kasyoka shingoni, akashusha mahali unapotokea pembeni. Tulimaliza adhuhuri. Tayari mhandisi wa ukaguzi alikuwa ameahidiwa gari siku ya Jumatatu, na mpango wetu ulikuwa Kasyoka azunguke uwanja wa kanisa tu hadi hapo.

Tulikuwa tunanawa mikono ili tule pojo na chapati za mama yake Kasyoka wakati watu walipoingia langoni wakisukuma mkokoteni. Juu yake alikuwa amelala msichana aliyeolewa juzi tu, mwenye mimba pevu, na mama mkwe wake anamshika mkono. Muuguzi wa zahanati alimpima haraka, akatoka akiwa na uso uliobadilika.

"Mtoto amekaa vibaya. Hapa siwezi. Anataka hospitali ya Masinga, na sasa hivi."

Dereva mzee alikuwa amekwenda matangani mbali. Muuguzi akanigeukia. "Mwalimu, tafadhali endesha wewe."

Nilikimbia kwenye gari, nikapanda. Magoti yangu yaligonga chini ya usukani, na mguu ulipokwenda kwenye breki ulikutana nayo mahali nisipoitegemea. Ndinda alikuwa amekikaza kila kitu kwa boliti kwa kipimo cha mtu mmoja. Mimi ni mfupi, lakini sikuwa mfupi vya kutosha. Nikashuka.

"Kasyoka," nikasema, "hili ni gari lako."

"Mwalimu, Jumatatu bado."

"Najua. Panda."

Alipanda. Nakumbuka kwamba hakukimbilia ufunguo. Alisogea nyuma mpaka nyonga zikagusa, akakanyaga klachi hadi chini, akajitikisa kusikia kiti, akavuta mkanda, akagusa vioo. Mama mkwe wa yule msichana alikuwa akipiga kelele kwamba twende, twende. Kasyoka akajibu kwa upole, akimwita mama kwa Kikamba, "Nakuja, mwaitu. Naenda na wewe salama." Kisha akawasha.

Nilikaa kando yake. Miaka yote hiyo ya kazi nilikuwa sijawahi kukaa kando ya mwanafunzi bila breki mbele yangu, na mguu wangu wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu kila kona. Barabara ilikuwa ya vumbi, yenye mashimo na mawe, na nyuma yetu msichana alikuwa akilia kwa sauti ndogo huku muuguzi akizungumza naye. Kasyoka hakukimbiza gari. Aliliendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, akishika gia mapema kabla ya kila mteremko, macho mbali. Nilifungua mdomo kumwelekeza nikaufunga tena, kwa sababu kila nilichotaka kusema alikuwa ameshakifanya.

Baada ya mteremko mmoja mkali, punda waliobeba mitungi ya maji wakatokea vichakani na kusimama katikati ya barabara, wamejipanga kama wanaongojea kupigwa picha. Kasyoka akafunga breki. Mguu ulifika, ukashuka hadi mwisho, mgongo wake haukutoka kwenye kiti. Gari lilisimama limenyooka, vumbi likatupita na kuwafunika wale punda. Mmoja alitutazama kwa dharau, akaondoka kwa wakati wake.

"Haya basi," Kasyoka akasema, sijui kwa punda au kwangu, akaweka gia ya kwanza.

Pale hospitali walikuwa wakitungojea na kitanda cha magurudumu. Tulikaa kwenye benchi nje, Kasyoka, mimi na mama mkwe. Muda si muda tukasikia kilio chembamba chenye hasira, na muuguzi akatoka akiwa amevua barakoa, meno yote nje. Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake mzima. Mama mkwe alimkumbatia Kasyoka mpaka akamwinua kutoka chini. Mtoto walimwita Nzilani, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuja kwake ilikuwa njiani, na hilo ndilo jina letu Wakamba la mtoto wa njiani.

Tuliporudi Kivaa jioni ile, watoto wa Kasyoka walikuwa wamesimama langoni. Mdogo alipoona nani ameshika usukani alikimbia kando ya gari akipiga kelele kwa Kikamba kwamba ni mama, ni mama. Kasyoka alisimamisha, akazima injini, akavuta hendibreki, akaweka gia, kama nilivyomfundisha. Ndipo akafungua mlango.

Nilistaafu nikiwa nimerudishwa Machakos, nikishikilia cheo alichokuwa nacho yule mzee, cha Mkufunzi Mkuu. Walinifanyia karamu ya chai na mandazi na kunipa hotuba ndefu. Ukiniuliza nilifanya nini maisha yangu yote, nitakwambia nilivuta viti. Kazi yenyewe ni ndogo ukiiangalia kwa mbali. Lakini nimewaona walimu, washonaji, masista na mabibi wa sokoni wakikaa kwa mara ya kwanza mahali wanapoona barabara yote, na kuna jinsi uso wa mtu unavyofunguka hapo ambayo sijaichoka bado. Kwenu vijana mnaoingia kazi hii, msimcheke mtu mwenye mto wa kochi. Anajaribu. Mwonyesheni povu gumu. Na msimruhusu mtu yeyote kuondoka kabla hajakanyaga breki hadi mwisho mbele ya macho yenu, hata kama bosi amesimama dirishani na saa mkononi.

Mwaka huu niligundua jambo. Nilikuwa nikienda Mutituni kwa gari langu dogo, nikaona kama boneti imekua. Usukani nao ulikuwa umepanda. Nikapiga leva ya kiti, ikagoma. Ilikuwa imeshafika juu kabisa. Daktari aliponipima alieleza kwa adabu kwamba mifupa ya uti wa mgongo hukaribiana uzeeni, na kwamba mimi nimepungua kimo. Binti yangu, anayeishi Syokimau, akaniambia, "Mama, sasa acha tu kuendesha, nitakuwa nakuchukua." Nikamshukuru, nikaenda kwa Ndinda.

Naye amezeeka, lakini futi yake bado iko shingoni. Aliniona nikiingia, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Karibu, Mwalimu. Leo mteja ni nani?"

"Ni mimi, Fundi."

Hakucheka. Alinifungulia mlango wa gari langu mwenyewe kama nilivyowafungulia wengi, akangoja.

"Sogea nyuma," akasema. "Nyuma kabisa."

Nikasogea.